Saadi wa Magodoro na Alhamisi za Mwenzake

Kila Alhamisi, jua likianza kulegea juu ya mabati ya Nachingwea, Saadi alikuwa anaumwa. Hakuwa na homa, wala tumbo halikumsokota. Alikuwa anaumwa Fahadi.

Fahadi alikuwa mfanyakazi mwenzake katika duka la Mama Kornelia, lile la magodoro, vyombo na taa za sola, jirani na stendi. Ikifika Alhamisi jioni, Fahadi alinawa uso kwenye beseni la nyuma, akajipaka mafuta mikononi kama bwana harusi, akatundika mfuko begani na kusema, "Kaka Saadi, mimi ndo naishia hivyo. Tuonane Jumamosi." Huyoo, kwenye gari la Nanganga, kwa mkewe na wanawe. Ijumaa nzima haonekani. Jumamosi asubuhi anarudi, uso umenawiri, miguuni bado ana vumbi la kwao.

Saadi alikuwa mtu wa kubaki. Chumba chake kilikuwa nyuma ya duka hilohilo, ukuta mmoja na stoo, na Mama Kornelia hakumtoza kodi. Hiyo ndiyo bahati aliyojisifia nayo miaka yote, maskini, asijue kwamba mtu anayelala dukani hana saa ya kufunga. Mteja akikosa betri baada ya swala ya isha, anagonga dirisha la Saadi. Gari la mzigo likifika alfajiri, linapiga honi kwenye mlango wa Saadi. Na yeye anatoka, kanzu ya kulalia imepinda shingoni, anafungua.

Mke wake Amna na watoto wao wawili walikuwa Likunja, upande wa Ruangwa, kwenye mikorosho na ufuta. Kwa gari si mbali hata kidogo. Lakini Saadi alikwenda Idi kwa Idi, na safari nyingine ya katikati akifiwa na mtu. Muulize kwa nini, angekwambia duka halina mtu. Na ni kweli alikuwa hodari. Mji mzima ulimwita Saadi wa Magodoro. Godoro nene la watu wawili alilikunja, akalikalia, akalifunga kamba, likakaa nyuma ya pikipiki kimya kabisa mpaka kijiji cha Mtepeche. Wateja walimpita Fahadi wakamwulizia yeye. Sifa hizo zilimlewesha. Alikuwa akijiambia kwamba kupeleka hela nyumbani bila kukosa ndiyo kuwa nyumbani kwenyewe.

Kabla ya Fahadi kuajiriwa, hayo yalimtosha. Mwenzako akinyimwa kama wewe, unalala. Sasa huyu kijana amekuja juzi tu, hajui hata bei za sufuria zote, anapanda gari kila wiki!

Na laiti angenyamaza. Fahadi alikuwa na mdomo. Jumamosi nzima alikuwa akipanga mabeseni huku akisimulia: mara mwanawe mkubwa kamshinda mbio mpaka kisimani, mara mkewe kapika kisamvu cha nazi akala mpaka akashindwa kuinuka. Jumamosi moja akaja na la jino.

"Yule mdogo jana kang'oka jino, kaka. Kagoma kulirusha juu ya paa mpaka nimbebe mabegani. Kalirusha, likateleza, likamwangukia bibi yake kichwani! Tumecheka, we acha tu."

Saadi alicheka pia, maana kutocheka kungemsaliti. Kisha akawaza wa kwake. Mwanawe Ramadhan alikuwa na miaka minane. Meno yake ya utotoni yaling'oka lini? Nani alimbeba akayarusha? Alijipekua kichwani, hakuona kitu. Mchana, wateja walipopungua, akajificha nyuma ya magodoro akampigia Amna.

"Eti Rama kang'oka meno?"

"Meno gani?" Amna akauliza.

"Ya mbele."

"Ah, hayo! Hayo mbona yameshaota mengine zamani, baba Rama. Wewe hujambo lakini? Umekula? Hela imefika, ahsante sana."

Ahsante sana. Mke wake alimshukuru kama mtu anavyomshukuru afisa. Saadi akakata simu, akarudi mbele akamkuta Fahadi anatafuna njugu mawe za kuchemsha alizotoka nazo kwao. "Karibu, kaka," Fahadi akasema. Saadi akakataa, akisema tumbo halipo sawa. Fahadi alipokwenda msalani, akazila zote.

Tangu siku hiyo Saadi akawa mtu mwenye vituko. Mteja mbishi, yule wa kujaribu kila thermosi kwa maji ya moto, alimsukumia Fahadi. Vumbi la stoo liliwekwa kiporo mpaka Jumamosi ili Fahadi alikute. Alhamisi jioni ndipo Saadi alipokumbuka kwamba kabati la glasi lote linatakiwa lishushwe na kufutwa, na gari la Nanganga linanguruma pale stendi. Fahadi alifuta, akakimbia, akaliwahi. Saadi alimtazama akikimbia, na roho ikamuuma zaidi kwa kuwa kijana alikuwa anakimbia huku anacheka.

Ufuta ulipoanza kuuzwa, wakulima wakalipwa, na Nachingwea ikafurika. Watu walishuka kutoka kwenye magari na kadi mpya za simu na shida za mwaka mzima: godoro la mtoto anayekwenda bweni, seti ya sahani kwa ajili ya harusi, taa ya sola ya mama mkwe. Ijumaa ile Saadi alikuwa peke yake dukani, jasho linamtiririka, wateja wamesimama mpaka kwenye ngazi. Hata swala ya Ijumaa ilimpita, akaswali adhuhuri mbiombio kwenye kona ya stoo, jambo lililomfanya ajisikie vibaya mpaka jioni. Alipomaliza kufunga milango, alikuwa ameshaamua. Fahadi anyang'anywe hiyo Alhamisi yake.

Mama Kornelia alikuwa mwanamke mnene wa Kimakua, mpole, ambaye hakupenda kusimama muda mrefu. Alikuja kesho yake mapema kabla Fahadi hajashuka kwenye gari. Saadi akamvutia kiti.

"Mama, kuna jambo linaniumiza."

"Sema, baba."

"Huyu Fahadi. Jana soko limechemka, watu wa ufuta wamejaa mpaka barabarani, yeye yuko kwao. Kila Ijumaa hivyohivyo. Mimi nasema kama kazi ni kazi, basi iwe kazi kwa wote."

Mama Kornelia hakukasirika. Alimtazama kidogo, akachukua kitambaa akajifuta shingo.

"Fahadi siku ile ya kwanza aliniambia, mama, Ijumaa mimi niko kwangu, hata ukinipunguzia mshahara. Nikampunguzia."

"Ulimpunguzia?"

"Nilimpunguzia. Mbona wewe hujaniomba siku hata moja? Mwaka wa kwanza nilikuwa nakungoja uniombe. Wa pili nikangoja. Baadaye nikasema basi, Saadi kwake hakumwiti."

Maneno hayo aliyasema bila ubaya wowote, na ndiyo maana yalimkata vile. Saadi alitaka kusema kwamba kwake kunamwita, kunamwita sana. Mama Kornelia akainuka kwa kuegemea meza.

"Chukua Jumapili na Jumatatu. Anzia kesho. Fahadi atakuwepo, na kesho nikitoka kanisani nitakaa naye mimi mwenyewe."

Yaani mtu aliingia kumpokonya mwenzake Alhamisi, akatoka na siku mbili zake mwenyewe mkononi, na hajui azishike wapi. Fahadi alipofika na kusikia, alimkumbatia kwa furaha. Saadi alikumbatiwa kama gunia.

Akampigia Amna kwamba anakuja. Akanunua sukari, biskuti na sabuni ya unga, akachagua thermosi nzuri yenye maua. Jumapili akapanda gari la Ruangwa, akashuka Likunja, akachukua njia ya miguu katikati ya mikorosho, akiharakisha kama kijana anayekwenda kuchumbia.

Walikuwa wamejipanga kumpokea. Amna amejitanda khanga mpya ambayo bado ilikuwa na harufu ya dukani. Ramadhan na mdogo wake Mwamini, wa miaka mitano, walikuwa wamevalishwa nguo za Idi, wanatoka jasho shingoni. "Shikamoo, baba," wakasema kwa pamoja, kisha wakarudi nyuma hatua moja wakasimama. Kiti pekee chenye mgongo kikatolewa ndani, kikafutwa kwa khanga, akakalishwa barazani. Akaletewa maji ya kunawa, akaletewa chai. Mwamini alimchungulia nyuma ya nguzo, na Saadi alipomwita alikuja taratibu, akapokea biskuti kwa mikono miwili, akapiga goti, akaondoka.

"Safari ilikuwaje?" Amna akauliza.

"Nzuri."

"Unaondoka lini?"

Saadi alikuwa hajamaliza hata kikombe.

Ndipo akaingia Habibu. Habibu ni mdogo wake Saadi, tumbo moja, asiyeoa bado, nyumba yake iko nyuma ya mikorosho ile. Aliingia na mzigo wa ufuta kichwani, miguu mitupu. Kabla hajautua, Amna alimrukia.

"Habibu we! Si nilikwambia uwafunge mbuzi tangu asubuhi? Wameshaingia kwenye kunde zangu! Hivyo nikisema na wewe huwa nasema na huo mkorosho?"

"Shemeji nawe, nawafunga. Acha kelele, kaka kaja." Habibu akacheka, akatua mzigo, akachota maji mtungini bila kuuliza mtu. Mwamini, yule wa kupiga goti, akatoka mbio na gauni lake la Idi akamrukia mgongoni. Ramadhan akamletea kandambili iliyokatika, akaiweka tu mbele yake bila neno, kama vile mtu anavyoweka sahani mahali inapokaa.

Cheka ukitaka, lakini Saadi alimwonea wivu mdogo wake kwa kugombezwa. Alikaa kwenye kile kiti kilichofutwa, akatamani zile kelele zingekuwa zake. Amna alikuwa na sauti ile kumbe! Alikuwa na macho yale ya kuwaka! Miaka yote Saadi alikuwa akiletewa umeshindaje na ahsante sana, na uhondo wote wa mkewe ulikuwa unamwangukia Habibu.

Wivu ukishaanza hauchagui njia safi. Alianza kumpima mdogo wake, namna anavyojua mahali kisu kilipo, namna mbwa anavyomfuata. Jioni akamfuata Amna jikoni.

"Naona mwenye mji huu ni Habibu siku hizi."

Amna aliinua uso kutoka kwenye moshi. "Mwenye mji ni wewe. Habibu anafunga mbuzi. Tena akikumbuka."

"Mbona mimi hunigombezi?"

Amna alidhani ni utani, akaanza kucheka. Alipoona mumewe hacheki, akaweka mwiko chini.

"Nikugombeze? Paa la choo linavuja, nikugombeze leo Jumapili, Jumatatu jioni unapanda gari, nani atapanda juu kuliziba? Habibu nikimpigia kelele, kesho ameziba. Wewe nikikupigia kelele unaondoka nazo tu."

Saadi akatoka nje. Na mtu aliyezidiwa kwa maneno hutafuta wa kumwonyesha ukali wake. Uani, Ramadhan alikuwa amemfukuza jogoo mwekundu mpaka kwenye ua, amemkamata mbawa mbili, anamleta kwa baba yake achinjwe.

"Muache huyo kuku!" Saadi akafoka. "Mimi si mgeni hapa. Nitakula mnachokula nyie."

Ramadhan akasimama palepale na jogoo wake. Mwamini akaangalia jogoo, akaangalia baba yake, mdomo ukaanza kutetemeka, kisha akaangua kilio cha mtu aliyefiwa.

Amna akamsogelea mumewe, akasema kwa sauti ndogo ili watoto wasisikie. "Baba Rama, unawanyima. Kuku wao wa kula ni siku ukija wewe. Tangu jana wanauliza baba anafika saa ngapi."

Saadi aliposikia hivyo, uso ulimshuka. Njia nzima kwenye gari alikuwa amejiwazia watoto wanavyohesabu vituo wakimngoja. Kumbe walikuwa wanamngoja, ndiyo, naye alikuwa ameongozana na mchuzi. Akaomba kisu, akasema bismillahi, akachinja. Watoto walikula mpaka wakalala kwenye mkeka na mafuta mdomoni. Siku hiyo Saadi alimwonea wivu hata kuku.

Mwingine angekata tamaa, arudi zake dukani akasifiwe. Na Jumanne asubuhi sifa zilikuwepo, wateja wamesimama, "Saadi uko wapi, tumekungoja jana." Zilikuwa tamu kama siku zote. Lakini Jumapili iliyofuata alipanda gari tena. Akachinjiwa. Ya tatu akachinjiwa kuku mdogo, mwembamba, watoto wakagombania shingo. Mara hiyo akapanda juu ya choo na kuziba paa, akaziba vibaya, na Amna akamshukuru.

Wiki ya nne Amna akapiga simu Jumamosi mchana, duka limejaa.

"Jumapili hii tena unakuja?"

"Nakuja."

"Baba Rama, kuku wanaisha. Aliyebaki anaatamia."

"Basi msichinje."

"Watoto nitawaambia nini sasa?"

Saadi akalitazama godoro alilokuwa amelikalia katikati ya kulifunga, mwenye pikipiki anapiga honi nje. "Waambie baba yao anakuja," akasema.

Alipofika Likunja siku hiyo, barazani hapakuwa na kiti wala mtu. Wote walikuwa uani kwenye turubai, Amna na watoto, wanapukuta ufuta. Matita makavu yalikuwa yamelazwa, mbegu nyeupe zimetapakaa. Nguo zao zilikuwa zilezile za shambani. Saadi akawasogelea na mfuko wake mkononi, akatoa salamu.

"Baba, unakanyaga ufuta," Ramadhan akasema, hata hakuinua kichwa.

Saadi akaruka pembeni kama aliyekanyaga moto.

"Na hivyo viatu vivue," Amna akaongeza. "Shika fimbo, jua linakwenda. Tangu saa ngapi gari limefika, wewe ulikuwa unazubaa wapi?"

Saadi alivua viatu, akashika fimbo, akapukuta mpaka mabega yakawaka. Alipigwa kelele kwa kupiga kwa nguvu mno, akapigwa kelele kwa kupiga polepole. Mwamini alimcheka na kumwonyesha. Jioni wakakaa kwenye ukingo wa turubai wakala ugali na mlenda, na mtoto yule, kwa uchovu tu, akajiegemeza kwenye mbavu za baba yake na kuanza kuchezea vifungo vya shati lake. Saadi hakuthubutu kusogea.

Wakati huo Habibu akatokea. Alikuwa kijijini tangu mchana, na kwa kawaida yake angepitiliza moja kwa moja mtungini. Lakini aliona uani pamejaa. Aliona Mwamini mahali alipoegemea. Na Amna, kwa kutofikiri, bila nia yoyote, akasema, "Karibu, shemeji. Umeshindaje?"

Habibu akasimama. Hajawahi kukaribishwa pale. Nani anamkaribisha mtu anayeingia kwake?

"Nimeshinda salama," akasema. "Napita tu."

Saadi akauona uso wa mdogo wake, na akaujua palepale. Ndio uso aliokuwa akiuvaa yeye mwenyewe nyuma ya meza ya duka, gari la Nanganga likinguruma. Na tusimfiche, kitu cha kwanza alichokisikia moyoni kilikuwa utamu. Na yeye aonje! Miaka yote amekula mboga yangu, amebeba wanangu, amegombezwa na mke wangu, leo aonje!

Habibu akageuka. Alikwenda polepole sana, akashika njia ya mikorosho, mikono nyuma, mwendo wa mtu anayetaka kuitwa na hataki ijulikane. Alipita mkorosho wa kwanza. Alipita wa pili. Ule utamu ukaanza kumchachia Saadi kooni. Amna alikuwa anakusanya vyombo, hakuona kitu.

Saadi akamweka Mwamini pembeni, akasimama miguu mitupu, akavuta pumzi na kutoa ile sauti aliyokuwa akiwaitia wapakuzi wa mizigo stendi.

"Habibu we! Unakwenda wapi na ufuta umelala nje? Unataka niuingize peke yangu?"

Habibu akasimama, hakugeuka. "Si mpo watu hapo!" akajibu, amenuna.

"Watu gani? Shemeji yako kachoka, watoto hao wanasinzia! Umekuwa bwana mkubwa sasa, unapitapita tu? Njoo ushike huku, mvivu we!"

Amna aliinua kichwa, akamtazama mumewe, akashangaa. Kisha akaanza kumsaidia kufoka.

Habibu akarudi. Alirudi akinung'unika njia nzima, kwamba watu wa nyumba hii hawana shukrani, kwamba hata maji mtu hajanywa, na akainama akashika pembe ya pili ya turubai.